Sakafu Inang'aa, Mshono Unatoa Usaha: Maambukizi ya Hospitalini Hutoka Wapi?

Kila mlipuko unapotangazwa, iwe kipindupindu, korona au Marburg, ndoo zenye koki huibuka kwenye mageti ya hospitali na mlinzi anakusimamia mpaka unawe. Baada ya miezi michache koki imekatika, sabuni imeisha, na ndoo yenyewe inatupiwa maganda ya ndizi. Watu wanaona, na kila mmoja anatoa hukumu yake. Huyu atasema kumbe kunawa kulikuwa maonesho tu. Yule atasema hospitali ndiko kwenye magonjwa: shangazi yake alikwenda kujifungua akiwa mzima, akarudi na mshono unaotoa usaha. Wa tatu atafunga mjadala kwa maneno mawili: manesi wazembe.

Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, ila jambo lenyewe lina mizunguko zaidi ya hapo.

Tuanze na maana. Maambukizi ya hospitalini ni yale ambayo mgonjwa hakuja nayo, wala hayakuwa yakijijenga mwilini mwake alipopokelewa. Mtu amelazwa kwa kuvunjika mguu, siku ya nne anapata homa ya mapafu. Kwa kawaida wataalamu huhesabu yanayojitokeza baada ya saa 48 tangu mgonjwa alazwe. Kwa aliyefanyiwa upasuaji, kidonda kikioza ndani ya siku 30, hata kama alisharuhusiwa na yuko kwake, hayo pia ni ya hospitali. Shughuli ya kuyazuia inaitwa kinga na udhibiti wa maambukizi, na watumishi wenyewe wamezoea kusema IPC, kifupi cha jina lake la Kiingereza.

Tatizo hili halina bara lake maalumu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilieleza kwamba katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa kwenye hospitali za nchi tajiri, 7 hupata angalau ambukizo moja wakiwa humo. Katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni 15. Kwa wastani, mmoja kati ya kila kumi wanaoyapata hufariki. Kwa hiyo hata penye fedha, maji na mashine za kisasa, maambukizi yapo. Tofauti iko kwenye wingi, na wingi huo una sababu zinazoeleweka.

Wengi tunapima usafi wa hospitali kwa macho na pua. Sakafu ikimetameta na korido ikinukia Jik, tunaridhika. Lakini vijidudu vingi vinavyowaangusha wagonjwa havitoki sakafuni. Sehemu kubwa hutoka kwenye mwili wa mgonjwa mwenyewe. Utumbo wako una matrilioni ya bakteria, wakiwemo E. koli na Klebsiela, wanaoishi humo bila ugomvi. Ngozi yako ina bakteria waitwao stafilokokasi. Hawana shida mpaka mtu awatengenezee njia, na hospitali kwa asili yake ni mahali pa kutengeneza njia: kanula kwenye mshipa, mpira wa mkojo, mrija wa kupumulia, kisu cha upasuaji. Kila kimoja kinaokoa maisha, na kila kimoja kinatoboa ukuta uliokuwa ukikulinda.

Njia nyingine ni mtu hadi mtu, na chombo kikuu cha usafiri hapo ni mikono ya mtumishi. Anamgeuza mgonjwa wa kitanda cha tatu, anarekebisha dripu ya kitanda cha nne. Hakuna kilichoonekana kikihama. Sakafu inang'aa vilevile.

Deki yenyewe inaweza kuwa sehemu ya tatizo. Ndoo moja ya maji ikianza kwenye wodi ya vidonda na kuishia wodi ya wazazi, harufu ya dawa itakuwepo kote na vijidudu vitakuwa vimegawiwa kote. Ufagio mkavu nao unarusha vumbi ambalo baadaye linatua kwenye vidonda. Klorini, dawa iliyomo kwenye Jik, nayo si muujiza. Damu iliyoganda na uchafu vinaikinga bakteria isifikiwe na dawa, ndiyo maana kanuni ni kusafisha kwanza kwa maji na sabuni, kisha kuua vijidudu. Anayemwaga Jik juu ya uchafu na kuondoka ameacha harufu tu.

Sasa tufike kwenye glavu, ambazo zinawadanganya watumishi na wagonjwa kwa kiwango kilekile. Mfikirie mchoma nyama aliyevaa glavu ya plastiki. Anakata nyama yako, anapokea noti ya shilingi elfu kumi, anafuta meza, anashika simu, anarudi kukata nyama ya mteja mwingine. Glavu imemlinda nani? Mikono yake tu. Ndivyo ilivyo wodini: glavu isiyobadilishwa kati ya mgonjwa na mgonjwa ni ngozi ya pili inayobeba vijidudu vilevile, na mbaya zaidi, aliyeivaa hahisi kwamba mikono imechafuka. Isitoshe, glavu hutoboka kwa matundu yasiyoonekana, na mikono huchafuka wakati wa kuzivua. Hivyo hata aliyevaa glavu anatakiwa kusafisha mikono kabla ya kuvaa na baada ya kuvua.

Shirika la Afya Duniani limetaja nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, kama kuweka kanula au kufunga kidonda, baada ya kuguswa na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka, kama shuka au kabati lake. Hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika zaidi, maana mtu anajiambia hakumgusa mgonjwa, alishika kitanda tu.

Tupige hesabu kidogo, na hapa ndipo hukumu ya uzembe inapoanza kulegea. Muuguzi wa zamu ya usiku ana wagonjwa 30. Anafanya raundi moja ya kupima joto na presha. Hata tukihesabu kwamba kunawa baada ya mgonjwa mmoja kunatosha kuwa kunawa kabla ya anayefuata, ni mara 30. Kunawa vizuri kwa maji na sabuni kunachukua sekunde 40 hadi 60. Hiyo ni dakika 20 hadi 30 za kunawa tu kwa raundi moja, na bado hatujaweka mwendo wa kwenda kwenye sinki, ambalo mara nyingi ni moja, mwisho wa wodi. Bado hajachoma sindano, hajabadilisha dripu, hajaitwa kitanda cha 17 ambako mtu anatapika. Mtu mmoja hawezi. Ataanza kuchagua mgonjwa wa kunawia na wa kumruka, na atachagua kwa macho, kama sisi wengine.

Kitakasa mikono chenye alkoholi kiliingia kwenye mahospitali kwa sababu hiyo hasa. Sekunde 20 hadi 30, chupa mfukoni au kwenye kitanda, unajipaka huku unatembea. Fomula ya Shirika la Afya Duniani iko wazi kwa yeyote: ethanoli asilimia 80, glisirini kidogo ili ngozi isikauke, haidrojeni peroksaidi kidogo kwa ajili ya mbegu za bakteria zinazoweza kuwemo kwenye chupa, na maji yaliyochemshwa yakapoa. Famasia ya hospitali ikiwa na malighafi na vifaa vya kupimia inaweza kuichanganya yenyewe. Haifanyi kazi kwenye mikono yenye damu au uchafu unaoonekana, hapo lazima maji na sabuni. Lakini kwa raundi ya kawaida ndiyo inayogeuza lisilowezekana kuwa la kawaida. Ukiona wodi haina hata chupa moja, huko siko kuanza kulaumu tabia za manesi.

Na maji je? Mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya na ya watoto yalieleza mwaka 2022 kwamba takriban nusu ya vituo vya afya duniani havina huduma ya msingi ya usafi wa mikono, yaani maji na sabuni au kitakasa pale wagonjwa wanapohudumiwa, pamoja na maji na sabuni chooni. Kuna zahanati mjamzito anaambiwa aje na ndoo ya maji siku ya kujifungua. Kwenye mkoba wake kuna kanga, pamba, nyembe, nyuzi za kufungia kitovu, glavu jozi kadhaa, pengine na chupa ya Jik. Aliyekosa fedha ya glavu za ziada anapimwa mara chache, au kwa glavu zilizobaki za mwenzake. Tunaweza kuandika miongozo mizuri, na Tanzania ina mwongozo wa kitaifa tangu mwaka 2004, lakini mwongozo hautoi maji kwenye koki.

Vifaa vya kutumia zaidi ya mara moja vina historia nzito upande wetu huu wa dunia. Mwaka 1976 huko Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hospitali ya misheni ilikuwa inawagawia manesi sindano tano kila asubuhi kwa ajili ya wagonjwa wote wa siku hiyo. Kati ya mgonjwa na mgonjwa zilisuuzwa kwenye maji ya uvuguvugu. Mmoja wa wagonjwa wa mwanzo alichomwa klorokwini kwa kudhaniwa ana malaria. Ugonjwa ulikuwa Ebola, ambao ulimwengu haukuwa umeupa jina bado. Watu 318 waliugua, 280 wakafariki. Kati ya watumishi 17 wa hospitali, 11 walikufa na hospitali ikafungwa. Kufungwa kwake kulisaidia kukata mnyororo wa maambukizi.

Siku hizi sindano ni ya mgonjwa mmoja na inatupwa kwenye boksi la usalama, ambalo linatakiwa kufungwa likijaa robo tatu. Lakini mkasi, koleo na vifaa vya kuzalishia bado vinarudi kazini. Hapo kuna hatua tatu ambazo watu huzichanganya. Kusafisha ni kuondoa uchafu kwa maji, sabuni na brashi. Kuua vijidudu kwa kemikali au kuchemsha kunaua wengi, lakini mbegu sugu za baadhi ya bakteria hubaki. Kutakasa kabisa kwa mvuke wenye shinikizo, kwenye mashine ya otokilevu, nyuzijoto 121 za Selsiasi kwa muda wa kutosha, ndiko kunakoua vyote. Hatua ya kwanza isipofanyika, ya tatu inapika uchafu. Na ile tepu yenye mistari inayobadilika rangi kwenye kifurushi inathibitisha kwamba kifurushi kilipita kwenye joto, haithibitishi kwamba mvuke uliingia hadi katikati. Umeme ukikatika dakika ya kumi, tepu inaweza kuwa imeshabadilika.

Hewa tunaisahau kwa sababu haina mahali pa kunawia. Mtu hatari zaidi kwa kifua kikuu ni yule anayekohoa kwenye benchi la wagonjwa wa nje tangu saa moja asubuhi bila mtu kujua anaumwa nini, kwani aliyegundulika na kuanza dawa zinazomfaa hupungua kuambukiza. Tugela Ferry, Afrika Kusini, taarifa za mwaka 2006 zilieleza wagonjwa 53 wa kifua kikuu sugu kupindukia, 52 kati yao wakafariki, na dalili zilionesha kwamba maambukizi ndani ya hospitali yalichangia. Dawa ya kwanza ya hili ni ya bei rahisi mno: dirisha. Utafiti uliofanyika Lima, Peru, ukachapishwa 2007, ulikuta kwamba majengo ya zamani ya hospitali, yenye dari za juu na madirisha makubwa, yalipitisha hewa vizuri kuliko vyumba vya kisasa vyenye mitambo. Sisi tumerithi baadhi ya majengo ya aina hiyo, na tunayabomoa kujenga yenye vioo visivyofunguka na kiyoyozi. Yaliyobaki, usiku wagonjwa wanafunga madirisha kwa ajili ya mbu na baridi. Chandarua kwenye kila kitanda ni kinga ya malaria, na kwa njia hiyo ni kinga ya kifua kikuu pia, maana kinaruhusu dirisha kubaki wazi.

Kuna kundi la wahudumu ambalo halimo kwenye orodha ya mishahara: ndugu. Hospitali zetu nyingi zinaendeshwa kwa nguvu za akina mama na madada wanaolala chini ya vitanda. Ndiyo wanaolisha, wanaogesha, wanaomwaga mkojo. Wanapofukuzwa saa ya kutazama wagonjwa ikiisha wanaona ni ukatili, na mara nyingine namna wanavyofukuzwa ni ya kikatili kweli. Lakini hakuna anayewafundisha. Angalia mfuko wa mkojo: unatakiwa uning'inie chini ya usawa wa kibofu, bila kugusa sakafu, muda wote. Mgonjwa anapohamishwa kwenda eksirei, dada yake kwa nia njema kabisa anauweka mfuko juu ya tumbo lake ili usidondoke. Mkojo uliokaa mfukoni tangu asubuhi unarudi kwenye kibofu. Dada huyo huyo anamaliza, anafuta mikono kwenye kanga, anamlisha uji mgonjwa wa jirani ambaye hana ndugu. Huo wa mwisho ni utu unaostahili sifa, ila ungepaswa kupitia kwenye sabuni. Dakika kumi za kuwaelekeza ndugu siku ya kulazwa zingeokoa mengi, na sijui kwa nini hazipo kwenye utaratibu wa kila wodi.

Watoto wachanga ndio wanaolipa gharama kubwa. Kichanga njiti hana ngozi imara wala kinga iliyokomaa, na wodi zikijaa hulazwa wawili au watatu kwenye kitanda kimoja chenye joto. Klebsiela ikiingia humo, inapita kwa mikono, kwa mirija ya kunyonyea makamasi, kwa chupa ya dawa inayochomwa mara nyingi. Tena vijidudu vya hospitalini vimeshaishi na dawa kwa miaka, vikabaki vile vilivyozizoea. Hilo ndilo wataalamu wa Tanzania wanaliita UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Utafiti wa Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, wa miaka ya 2001 na 2002 uliofuatilia watoto waliolazwa uligundua kwamba kati ya waliothibitika kuwa na bakteria kwenye damu, asilimia 34.9 walifariki, wakati kwa wenye malaria ilikuwa asilimia 20.2. Si wote waliambukizwa wakiwa wodini, lakini usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulihusiana wazi na kifo. Na ili kujua ni bakteria gani na inasikia dawa gani, lazima maabara ioteshe vimelea, huduma ambayo hospitali nyingi za wilaya hazina. Daktari anabaki kukisia.

Hapa kuna imani moja inayopendwa na wagonjwa na baadhi ya madaktari: kwamba baada ya upasuaji lazima umeze antibayotiki siku saba ili kidonda kisioze. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unasema kinyume. Dozi ya kinga hutolewa kabla ya kisu kugusa ngozi, ndani ya dakika 120, na kwa mtu asiye na ambukizo haiendelezwi baada ya upasuaji kwa lengo la kinga. Siku saba za ziada hazikingi kidonda, zinafuga usugu. Mwongozo huo huo unakataza kunyoa kwa wembe sehemu ya upasuaji, kwa kuwa wembe huacha mikwaruzo midogo ambamo bakteria hujificha. Nywele ziachwe, au zikibidi kuondolewa zikatwe kwa mashine. Barani Afrika hadi asilimia 20 ya wanawake wanaojifungua kwa upasuaji hupata maambukizi ya kidonda, kwa hiyo mambo haya mawili, muda wa dozi na wembe, yana uzito kuliko yanavyosikika.

Wanaoambukizwa si wagonjwa peke yao. Mwaka 2024 Rwanda ilipata mlipuko wa Marburg wenye wagonjwa 66 na vifo 15, na wengi wa walioambukizwa walikuwa watumishi wa afya. Beni, Kivu Kaskazini, huko Kongo, kwenye mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 2018, watoto walipelekwa kwenye vituo vidogo kutibiwa malaria wakaambukizwa Ebola humo humo. Marburg na Ebola huanza kwa homa, kuumwa kichwa na uchovu, sawa na malaria. Ndiyo maana tahadhari za kawaida zimepewa jina hilo: zinatumika kwa kila mgonjwa, kabla hujajua ana nini. Mtumishi anayesubiri tangazo la wizara ndipo avae glavu amechelewa. Hatari ya kila siku kwake ni sindano iliyotumika. Asiyechanjwa akichomwa na sindano yenye homa ya ini B, uwezekano wa kuambukizwa unaweza kufika asilimia 30. Kwa VVU ni takriban 3 kati ya 1,000, na dawa za kinga zikianza ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28 hatari inashuka zaidi. Cha ajabu watu wanaogopa kinyume chake, na chanjo ya homa ya ini B ipo.

Kwa nini basi mambo haya yanasuasua? Nadhani sababu kubwa ni kwamba ushindi wake hauonekani. Mashine mpya ya CT inakatiwa utepe, lakini mama ambaye kidonda chake hakikuoza hana habari ya kuandikwa gazetini. Bajeti ya sabuni ndiyo ya kwanza kukatwa. Pia mtumishi anayeripoti kwamba wodi yake ina maambukizi mengi mwezi huu mara nyingi anaitwa kujieleza, kwa hiyo anajifunza kutoripoti. Takwimu zinapendeza, wagonjwa wanaugua.

Mgonjwa naye ana nafasi yake. Unaweza kusema kwa adabu, "Samahani sista, naomba unawe kwanza," kabla ya kuwekwa kanula, na muuguzi mzoefu hatakasirika. Uliza kila siku kama mpira wa mkojo au kanula bado inahitajika, maana kila siku ya ziada inaongeza hatari, na mara nyingi vimebaki kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuvitoa. Na ukisharudi nyumbani, kidonda kikiwa chekundu, kikivimba, kikatoa majimaji au ukapata homa ndani ya mwezi mmoja, usiishie duka la dawa kununua vidonge viwili vya rangi mbili. Rudi palepale ulipofanyiwa upasuaji, uwaoneshe. Wasipokuona, kwenye daftari lao wewe ni mmoja wa waliopona vizuri.